Ndoo Mbili kwa Siku

Jumatatu, 17 Desemba

Farasi Shaba amekunywa ndoo sita tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Mbili tena alasiri. Banda lote tope la mkojo. Nimezoa majani mara tatu, mgongo umekataa. Mvua haikatiki. Milima ya Matogoro haijaonekana tangu Ijumaa.

Shaba amekonda. Mbavu unazihesabu ukiwa mlangoni. Manyoya yamesimama kama ya mbuzi mgonjwa. Mahindi anabakiza. Pumzi yake inanuka mkojo. Farasi anayenuka mkojo mdomoni sijawahi kumwona, na mimi nimeona farasi wengi kuliko mtu yeyote kutoka hapa mpaka Kilwa.

Daktari wa askari alipita juzi. Akamminya kiunoni, akakinga mkojo kwenye kikombe, akaunusa. Akasema ni figo. Zimekufa nusu, hazirudi. Apewe maji kadiri atakavyo, majani mabichi, mahindi kidogo, aishi atakavyoishi. Akaniachia daftari hili niandike ndoo. Karani wa boma akacheka, eti Mzee Feruzi leo anashika kalamu. Nimeshika. Herufi nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma magunia ya mizigo. Yeye alifundishwa kwa fimbo.


Jumatano, 19 Desemba

Bwana Luteni, mwenye farasi, ameondoka kwenda Tunduru na askari wake. Amekwenda kwa miguu. Kabla ya kuondoka alikuja bandani, akamshika Shaba pua. Halafu akasema atarudi kabla ya sikukuu ya Kaisari, mfalme wa Wajerumani, mwisho wa Januari. Siku hiyo anataka kupanda farasi mbele ya gwaride. Kama farasi hawezi, apigwe risasi. Mahindi ya kulisha mnyama asiyefanya kazi hayapo.

Kweli hayapo. Njaa kama hii sijaiona. Mashamba yalichomwa vitani, maghala yalichomwa, na waliobaki hai hawana mbegu ya kupanda.

Nikasema mbele ya watu wote: Bwana, siku ya Kaisari utampanda, na atakwenda kama bwana harusi. Shaushi alikuwepo, yule Msudani mkubwa wa askari wanaobaki. Akasema, "Mzee, mdomo wako una kwato nne." Wakacheka mpaka wapagazi.

Wacheke. Siku za vita, hakuna aliyethubutu kutoka bomani, nani alimlisha Shaba nyasi za paa la banda lake mwenyewe? Mimi. Nililala chini ya anga ili yeye ale.


Alhamisi, 20 Desemba

Nimefikiri. Daktari ni kijana, ndevu zake hazijashika kidevu. Farasi anakojoa kwa sababu anakunywa. Anakonda kwa sababu anakojoa, nguvu yote inatoka chini. Jambo hili halihitaji miwani.

Kwenye misafara ya tajiri wangu wa Kilwa mnyama alipewa maji kwa kipimo. Ndoo asubuhi, ndoo jioni, basi. Wa wenzangu aliyekunywa ovyo alivimba tumbo njiani, wakamwacha na fisi. Mimi nilifikisha wanyama Nyasa na kuwarudisha pwani, sikupoteza hata mmoja. Wenzangu walirudi na kamba mkononi.

Kuanzia leo ndoo mbili kwa siku. Mahindi kibaba kizima, na chumvi juu apate hamu ya kula.


Jumamosi, 22 Desemba

Banda kavu. Nilijua.

Anaipiga ndoo tupu kwa pua mpaka inaanguka. Namwokotea, anaiangusha tena. Amezoea vibaya, ataacha.

Maji ya boma yanachotwa na wanawake wafungwa, kutoka kijitoni, kichwani. Wa banda langu anaitwa Mama Mapunda. Mngoni. Si mzee, si kijana. Mumewe ni mmoja wa walionyongwa hapa vita vilipokwisha. Huwa hasemi. Leo aliweka ndoo akasimama anamtazama Shaba muda mrefu.

"Baba, mnyama huyu ana kiu."

Nikamwambia, "Wewe Mapunda, kaangalie punda. Farasi niachie mimi."

Hakucheka. Akasema kwao walikuwa na ng'ombe, zizi zima, kabla serikali haijawachukua. Nikamwambia ng'ombe si farasi. Akaondoka na kata yake ya kubebea ndoo kichwani.


Jumanne, 25 Desemba

Sikukuu ya Wazungu. Wameimba. Askari wamepewa nyama ya kopo.

Shaba ana nafuu! Macho yamefunguka. Kamasi za puani zimekauka. Ameacha kuipiga ndoo. Nilimwita karani aje aone. Akaja, akaona, akakosa la kusema. Mimi nilikuwa nalo. Nikamwambia daktari akipita tena aje aketi hapa kwenye majani, nimfundishe.


Jumapili, 30 Desemba

Nimemtembeza mpaka bondeni na kurudi. Hakujikwaa. Kwa ndoo mbili tu! Wakati mwingine najishangaa mwenyewe.

Jambo moja linanisumbua. Mkojo umerudi kuwa mwingi. Ndoo mbili zinaingia, tano zinatoka. Nimefikiri ni mvua. Labda farasi mgonjwa anakunywa kwa ngozi.

Goti la kushoto limevimba. Nimelifunga kitambaa. Nikiswali siinuki bila kushika nguzo.


Alhamisi, 3 Januari

Nimemkamata Mama Mapunda. Nilikuwa nimetoka kuswali adhuhuri, nikarudi mapema kwa sababu goti liliniuma nisilale kama kawaida. Namkuta mkono uko ndani ya hori. Anazoa mahindi aliyobakiza Shaba, anayatia kwenye pindo la nguo. Mahindi yana mate ya farasi, mengine yameanza kuota.

Hakukimbia. Aliyarudisha taratibu, punje kwa punje.

"Hayali haya, baba. Yanaoza."

Nikamwambia ni mahindi ya serikali, hata yakioza yanaoza ya serikali.

Sasa nimejua kwa nini nyama hairudi mwilini. Mimi naponya, mwingine anaiba. Nimekwenda kumwambia shaushi. Nimefanya kazi yangu.


Ijumaa, 4 Januari

Wamemchapa. Viboko kumi na tano. Kwa sheria ya boma wanawake hawachapwi, lakini Bwana hayupo, na Bwana asipokuwepo sheria ni shaushi. Karani hakuandika.

Sikwenda kutazama. Nilikuwa bandani nasugua kwato. Nilisikia yote. Yeye hakupiga kelele. Ilisikika ngozi ya kiboko tu, na shaushi akihesabu kwa Kiarabu.

Wamemtoa kwenye maji. Sasa anavunja mawe njia ya Peramiho. Anayeleta maji ni msichana mwembamba, anatua ndoo na kuondoka mbio kama mimi ni chui.


Jumatatu, 7 Januari

Mahindi yote yamebaki. Hakuna wa kuyaiba na bado yamebaki.

Banda kavu tena. Anaipiga ndoo.


Jumatano, 9 Januari

Uvimbe chini ya tumbo. Ukibonyeza, kidole kinaacha shimo, na shimo halijai upesi. Ulimi una vidonda. Harufu imerudi, kali kuliko mwanzo, inashika nguo zangu. Wapagazi hawataki niketi nao jikoni.

Nimeongeza chumvi. Hakuigusa.

Nimechoka. Nasema kweli, nimechoka na mvua, na tope, na mnyama huyu. Kuna wakati leo nilimchukia. Kisha akaniwekea kichwa begani. Kizito. Nilisimama hivyo mpaka goti likashindwa.


Ijumaa, 11 Januari

Aibu.

Asubuhi nimemkuta analamba ukuta. Ukuta wa udongo ulioloa kwa mvua. Ameulamba mpaka fito zimeonekana.

Nikamtoa nje apate hewa. Kwenye dimbwi la langoni, pale askari wanaponawia miguu, akaniburuta. Farasi asiyeweza kusimama jana akaniburuta mimi, Feruzi, kwa kamba. Akatia mdomo kwenye matope akanywa. Nilivuta, nikapiga, nikatukana. Hakuinua kichwa.

Wanawake wa maji walikuwa wanapita. Wakasimama kutazama. Mmoja, mnene zamani, sasa ngozi inaning'inia, akasema kwa sauti:

"Sisi tulipewa maji ya dawa vitani, tukafa. Mzee anaua kwa kunyima."

Wenzake wakaziba midomo. Mwingine akasema, "Na Mama Mapunda hayupo, nani atamnywesha?"

Nikauliza, kumnywesha nani? Lini? Wakatazama chini. Askari alikuwa anakuja. Wakaondoka.


Jumamosi, 12 Januari

Nimekwenda njia ya Peramiho kwa goti hili. Nilimkuta ameketi kwenye rundo, jiwe mkononi, jiwe kati ya miguu. Alikuwa hajauegemeza mgongo popote. Nikamsalimu. Akaitika.

Nikamwuliza. Akaniambia bila kuacha kugonga.

Kila adhuhuri. Nilipokwenda kuswali, na nilipolala baada ya kuswali. Alimpa ndoo nne, siku nyingine tano. Tangu siku ile nilipomwambia akaangalie punda.

"Unakoroma, baba. Nilikuwa najua nina muda kiasi gani."

Nikasema mbona hakuniambia. Akasema aliniambia. Siku ya kwanza.

Nikasema alikuwa anaiba mahindi. Akasema ndiyo. Alikuwa anayachukua yale yanayotupwa, anampelekea mama yake mle kifungoni, hana meno, anamtafunia kwanza. Akanitazama. Mara ya kwanza kunitazama. Akarudi kwenye mawe.

Sikumbuki nilirudi vipi.

Nafuu yote ile haikuwa yangu. Kutembea mpaka bondeni hakukuwa kwangu. Karani nilimwita aje aone kazi ya yule mama. Yule mama niliyemsababishia viboko.

Nimeweka ndoo saba mbele ya Shaba. Alikunywa tano hajainua kichwa. Nilisikia maji yakishuka kooni. Ya sita akanywa nusu. Kisha akanitazama huku maji yanachuruzika kidevuni, akanywa tena.


Jumapili, 13 Januari

Chumvi nimeitupa. Mahindi konzi moja. Nimekata majani mwenyewe kando ya kijito, mabichi, mafungu manne. Nimeanguka mtu mzima kwenye tope, hakuna aliyeona.


Jumatatu, 14 Januari

Amekojoa. Nilifurahi kama mwendawazimu kuona mkojo wa farasi.


Alhamisi, 17 Januari

Nimekwenda kwa shaushi. Nilichagua wakati askari wote wapo, wanasafisha bunduki, ili nisiweze kuyakana baadaye. Nikasema Mama Mapunda si mwizi, yale ni makombo ya hori na makombo yanatupwa. Nikasema aliyemharibu farasi ni mimi, nilimnyima maji na daktari alikuwa amenikataza.

Shaushi aliendelea kula karanga. Akasema, "Sasa unataka nimchape kinyumenyume, viboko vitoke?"

Walicheka sana. Mmoja alijipiga magoti. Nikasubiri wamalize. Nikasema nataka arudi kwenye maji. Shaushi akanitazama, labda kwa sababu sikujibu mzaha wake. Mimi siku zote najibu. Akasema, "Mchukue. Unanuka, mzee. Nenda."


Ijumaa, 18 Januari

Amerudi. Ametua ndoo, amemnywesha, ameketi kwenye kizingiti. Nilimwambia niliyomwambia shaushi, yote, na kwamba nimeyaandika pia humu.

"Na mgongo wangu, baba? Utaufuta kwa hilo daftari?"

Mahindi ya hori nimeyafunga kwenye jani la mgomba, nikayaweka karibu na kata yake. Yalikuwa machache. Aliyachukua. Hakusema ahsante, na mimi sikungoja.


Jumatano, 23 Januari

Uvimbe umepungua. Si wote. Anakula majani. Anatembea mpaka langoni na kurudi, anapumzika mara mbili njiani. Mimi pia.

Leo nimeweka tandiko mgongoni, tandiko tupu bila mtu. Miguu ya nyuma ikatetemeka kama kitanda kibovu. Nikalitoa upesi. Mama Mapunda aliona. Akageuza uso.

Bado siku nne.

Daktari alisema figo hazirudi. Kwa hiyo labda asingeweza kubeba mtu hata kama ningemsikiliza tangu mwanzo. Nimejiambia hivi kutwa nzima. Halafu nakumbuka ule ukuta.


Ijumaa, 25 Januari

Idi ya kuchinja. Tumeswali wachache uwanjani. Hakuna cha kuchinja. Imamu alifupisha hotuba, watu walikuwa wanatazama kama kuna moshi upande wa jikoni.

Alasiri Bwana Luteni ameingia kutoka Tunduru, mwekundu, amekonda naye. Hakuvua hata viatu. Alikuja bandani, na shaushi nyuma, na karani, na wale wanaopenda kuona. Akamzunguka Shaba. Akaniuliza, atanibeba?

Wote walinitazama. Karani alikuwa tayari anatabasamu. Maneno yalikuwepo, mimi sikosi maneno. Ningeweza kusema Bwana, mpande taratibu. Ningeweza kusema yupo tayari, na Jumapili angeanguka mbele ya gwaride, lakini Jumapili ni keshokutwa, na keshokutwa ni mbali kwa mtu muongo.

Nikasema, "Hawezi, Bwana."

Nikamweleza ndoo mbili. Nikamweleza chumvi. Akauliza kama nilimsikia daktari. Nikasema nilimsikia vizuri. Akauliza kwa nini basi. Nikasema niliona najua zaidi.

Hakunipiga. Ningependa angenipiga. Akasema baada ya sikukuu, Jumatatu. Akaenda kuvua viatu.


Jumapili, 27 Januari

Gwaride. Ngoma, bendera, bunduki zikapigwa hewani. Bwana alikwenda kwa miguu.

Mimi sikwenda. Nilimsugua Shaba kwa majani makavu, kutoka shingo mpaka mkia, pande zote mbili. Manyoya yanatoka mkononi kama vumbi. Ndoo sita mpaka alasiri. Mama Mapunda aliketi nje ya mlango akisuka kata mpya ya majani ya mgomba. Milio ya bunduki ilipoanza aliacha kusuka. Ilipokwisha akaendelea.

Shaba hakushtuka. Alishazoea bunduki wakati wa vita.


Jumatatu, 28 Januari

Asubuhi. Shaushi alikuja mwenyewe, na bunduki yake. Nilishika kamba. Tulimpeleka nyuma ya boma, bondeni, ili isiwe kazi kubwa baadaye. Nilikuwa nimebeba ndoo. Nikamwomba shaushi amwache amalize kunywa. Sikutegemea atakubali. Alikubali. Alisimama, bunduki chini, akitazama milima, mpaka ndoo ikalia tupu.

Siandiki zaidi.

Nyama wamegawiwa wafungwa. Walikuja na vyungu, na majani, wengine na mikono tu. Kulikuwa na kelele za furaha. Nilitaka kukasirika. Nilimwona Mama Mapunda na fungu lake. Alikuwa anatafuna kipande kilaini, anakitoa mdomoni, anakiweka kwenye mdomo wa bibi kizee aliyeketi ukutani. Anatafuna kingine.

Sikukasirika. Niliingia ndani nikajilaza mchana, na usingizi haukuja.


Jumatano, 30 Januari

Nimefagia banda. Nimechoma majani. Ukuta nimeukandika upya pale alipolamba.

Nimepewa kazi nyingine. Punda watano wa mizigo, waliotoka Tunduru na Bwana. Migongo yao vidonda vitupu, waliofunga mizigo hawajui kufunga. Karani alipoleta habari akangoja niseme kitu. Nikamwuliza kamba mpya ziko wapi.


Alhamisi, 31 Januari

Mvua imepumzika leo. Jua kidogo.

Nimewapeleka punda kijitoni asubuhi. Wanawake walikuwa wanachota upande wa juu, wakawapisha. Wanne walikunywa wakamaliza, wakaanza kula majani ya ukingoni. Wa tano, jike, mwenye kidonda kibaya kuliko wote, akaendelea. Askari mmoja akapita akaniambia, mzee, vuta kamba, utakaa hapa mpaka lini.

Sikuvuta. Niliketi kwenye jiwe, kamba imelegea mkononi, mpaka akainua kichwa mwenyewe.